Sinia la watu sita: kisa cha muuza mahamri mwenye kisukari, Mji wa Kale

Mgonjwa ni mama wa miaka 52, mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Hupika mahamri na mbaazi za nazi, akauza mlangoni kwake kila asubuhi isipokuwa Ijumaa. Nyumbani wako watu sita: yeye, mumewe, watoto watatu wakubwa na mamake mzazi. Bintiye ndiye aliyemleta kwangu kwa ushauri wa lishe, miezi minane baada ya kuambiwa ana sukari. Jina lake silitaji, na alama chache ambazo zingemtambulisha nimezibadili.

Kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kilisoma 10.8 (milimoli kwa lita). Mtu asiye na ugonjwa huu tungemtarajia awe chini ya 6.1, na kuanzia 7.0 kwenda juu ndipo daktari husema ni kisukari. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilikuwa asilimia 9.4. Mpaka wa ugonjwa ni 6.5, na wagonjwa wengi huwekewa lengo la kushuka chini ya 7. Uzito kilo 84 kwa kimo cha sentimita 156. Presha 148 kwa 92. Usiku aliamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, macho yalimfanya ukungu, na nyayo zilimchoma akilala.

Alikuwa ameandikiwa metformin, kidonge cha kushusha sukari, ya miligramu 500 mara mbili kwa siku, na alikuwa ameiacha. Aliimeza alfajiri na tumbo tupu, ikamuendesha, na mtu aliyesimama mbele ya karai huku wateja wakingoja hawezi kuacha mafuta motoni kila mara akakimbilia chooni. Mahali pa dawa akaweka maji ya mwarobaini na kijiko cha uwatu uliolowekwa usiku. Mkobani alikuwa na karatasi ya masharti aliyopewa siku ya kwanza, imekunjwa mara nne: acha wali, acha nazi, acha mafuta, acha vitu vitamu, fanya mazoezi.

"Nikiwata wali na nazi, mwanangu, n'tapika nini? Na watu wangu niwapikie nini?"

Swali lake ni la haki, na karatasi ile haikuwa na jibu. Iliandikwa kwa mtu mwenye sahani yake na jiko lake, anayeamua peke yake nini kiingie mdomoni. Mama huyu hana sahani. Ana upande wake wa sinia, na yeye ndiye anayelijaza kwa ajili ya wengine watano. Kumwambia aache wali ni kumwambia apike sufuria mbili kwa pesa ya sufuria moja, kisha akae pembeni na bakuli lake kama mgeni nyumbani kwake. Miezi minane ilipita bila mabadiliko yoyote. Bintiye alidhani mamake ni mkaidi. Mimi naona alikuwa amepewa kazi isiyofanyika.

Ukimuuliza mtu wa Pwani anakula nini, atakutajia cha mchana. Chai haihesabiwi, kuonja si kula, na bhajia za saa kumi ni za kupitisha jioni. Kwa hiyo nilimwomba anisimulie siku nzima, kuanzia adhana ya alfajiri hadi anapozima taa, kila kinachopita mdomoni. Bintiye akikumbushia.

Kabla ya kukoleza moto, kikombe cha chai ya maziwa na vijiko vitatu vya sukari. Karai la kwanza likitoka, hamri moja ajue kama unga umeumuka na sukari imekaa. Baadaye mawili ya kifungua kinywa, na mbaazi chache za chini ya sufuria, kwani nzuri ni za wateja. Chai ya pili akiuza, ya tatu akifunga saa nne. Mchana wali wa nazi, mchuzi wa samaki ambao nao una nazi, na mchicha kidogo pembeni, kisha usingizi. Saa kumi chai tena na viazi karai au bhajia kwa chatini ya ukwaju. Baada ya magharibi chai ya tano. Chakula cha usiku saa nne, mumewe akisharudi: chapati na maharage ya nazi.

Tukapiga hesabu pamoja, na hapo mama alikaa sawa kitini, maana hesabu ndiyo kazi yake. Chai tano kwa vijiko vitatu ni vijiko kumi na tano. Kijiko kidogo kina gramu 4 za sukari, kwa hiyo ni gramu 60 kwa chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Halafu mahamri. Kwake kilo moja ya unga na robo kilo ya sukari hutoa mahamri ishirini na tano. Kila moja lina gramu 40 za unga, ambazo karibu 30 ni wanga, na gramu 10 za sukari. Matatu ni kama gramu 120. Ongeza chai tatu: alikuwa amepokea zaidi ya gramu 150 za wanga na sukari kabla ya saa nne asubuhi, na mchele bado haujaoshwa.

Karatasi ilianza na wali. Sisi tuliuacha kwanza.

Sababu ni hii. Vinavyomfikia mama huyu niliviona vya aina tatu. Kuna vilivyo vyake peke yake: chai yake, kuonja kwake, vidonge vyake. Kuna vya sufuria, ambavyo akivibadili amembadilishia kila mtu nyumbani. Na kuna vya watu: harusi, hitima, futari, jirani aliyeleta kaimati. Ukianza na vya sufuria, siku ya kwanza tu unakutana na mume, watoto na mama mkwe au mama mzazi, kila mmoja ana neno lake. Ukianza na vilivyo vyake, hahitaji ruhusa ya mtu, na matokeo yakionekana ndiyo yatakayomsemea mbele ya sinia.

Dawa kwanza. Daktari wake alikubali aianze upya kidonge kimoja usiku, katikati ya chakula, kisha aongeze taratibu. Tumbo likatulia. Metformin ikimezwa pamoja na chakula na kupandishwa polepole haisumbui wengi, na ni masikitiko kwamba jambo dogo hili halisemwi kwa ukamilifu dirishani pa dawa. Uwatu sikumkataza. Una nyuzinyuzi na huenda ukasaidia kidogo, basi auweke kwenye achari na mchuzi. Mwarobaini nilimwomba auache, na nilimweleza wazi kwamba hakuna kati ya hivyo viwili kinachoshika nafasi ya kidonge.

Chai alishuka kijiko kimoja kila baada ya majuma mawili, akiongeza tangawizi, iliki na mdalasini ili mdomo usihisi umenyang'anywa. Kuonja hamri akamkabidhi bintiye. Hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa jina lake mtaani limejengwa juu ya mahamri yale na hakutaka ulimi wa mwengine uyaamue. Walikubaliana wiki mbili za kujaribu, na wateja hawakulalamika. Kifungua kinywa kikageuzwa: bakuli zima la mbaazi, hamri moja, na yai la kuchemsha akilipata. Mbaazi ni chakula kizuri sana kwa mtu wa sukari, zina protini na nyuzinyuzi nyingi, wanga wake huingia polepole, na alikuwa nazo sufuria nzima kila asubuhi akila za chini tu.

Kimashine cha kupimia alikuwa nacho, zawadi ya mwanawe, lakini vijikaratasi vyake ni ghali na alikuwa akivitumia ovyo, kimoja leo, kimoja keshokutwa, mara baada ya chai, mara kabla. Namba za namna hiyo hutia hofu bila kufundisha kitu. Nilimwomba avitunze kwa ajili ya maswali maalumu. Swali la kwanza: saa mbili baada ya sinia la kawaida la mchana, sukari inafika wapi? Ilifika 15.2. Lengo la kawaida baada ya kula ni chini ya 10. Swali la pili: siku nyengine, wali uleule, samaki yuleyule, lakini ale mchicha na samaki kwanza, wali uje mwisho na usizidi ukubwa wa ngumi yake, kisha asilale, aoshe vyombo na kupanda kushuka ngazi za nyumba kwa dakika kumi na tano. Ilisoma 10.4.

Mabadiliko yalikuwa matatu kwa pamoja, kwa hiyo hatuwezi kusema kila moja lilichangia kiasi gani. Mpango wa kula mboga na protini kabla ya wanga umeonekana katika tafiti kadhaa kupunguza mruko wa sukari. Kutembea baada ya kula nako kumepimwa: watafiti wa Otago, New Zealand, walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wa kisukari wakitembea dakika kumi baada ya kila mlo, sukari ya baada ya kula hushuka zaidi kuliko wakitembea nusu saa kwa mkupuo wakati wowote. Lakini kwa mama huyu tafiti hazikuwa na uzito wa zile namba mbili. Alizitia kwenye daftari la madeni ya wateja, ukurasa wa mwisho, na jioni ile ile akamwonyesha mumewe.

Sasa sinia lilikuwa tayari kuzungumziwa.

Kila mchana nyumba ile hupika kilo moja ya mchele kwa watu sita. Kila mtu akila sawa, ni gramu 167 za mchele mkavu, karibu gramu 130 za wanga kwa mlo mmoja. Wazo la kwanza la bintiye lilikuwa mama apakuliwe kwenye sahani yake. Mama alikataa, na nilimuunga mkono. Kula sinia moja ndiyo njia ya nyumba ile kuambiana kwamba wako sawa, na kumtoa mgonjwa kwenye sinia ni kumtia ugonjwa wa pili. Walichofanya ni hiki: mchicha au mnavu, kachumbari na samaki vikaanza kuja mbele peke yake, watu wote wakila na kuzungumza, na sinia la wali likafuata baadaye. Mchele ukapunguzwa hadi robo tatu kilo bila tangazo. Vijana hawakugundua kwa muda, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kushiba nusu. Mama akalijua eneo lake mbele ya sinia na kulipunguza kwa kijiko kabla ya kuanza, akimsogezea mwanawe.

Kuhusu nazi nina maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami. Tui halipandishi sukari kama wali unavyoipandisha. Tatizo lake ni mafuta mazito yanayoongeza uzito na kolesteroli, na mama huyu ana vyote viwili vya kuchungwa, pamoja na presha. Lakini kumwambia mpishi wa Mombasa aache nazi ni kufunga mazungumzo. Sharti tuliloafikiana ni nazi mahali pamoja katika mlo. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa kuchoma au mchuzi wa ukwaju. Akitaka samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Na ndani ya chungu liingie tui la pili, kasimile, yaani tui zito la kwanza, itumike kidogo mwishoni kwa ladha. Kwa mpishi wa kiwango chake hili halikuwa adhabu, lilikuwa mtihani wa ufundi, na mchuzi wake wa ukwaju sasa unaulizwa na majirani.

Mazoezi yalikwama mara ya kwanza. Alisema mwanamke mzima hawezi kuonekana akiranda njiani bila shughuli, na jua la saa nane la Mombasa halitaki mtu. Alipata njia mwenyewe. Baada ya isha yeye na wifi yake wakaanza kutoka, wanapita Ngome (Fort Jesus), siku nyengine wanafika ufukweni Mama Ngina, ambapo tangu ukarabati wa 2019 pana nafasi pana ya kutembea na mwanga wa kutosha. Tulikubaliana kwamba muhogo wa kukaanga wa huko si sehemu ya mazoezi. Dafu nalo lina sukari, pungufu ya soda lakini ipo, kwa hiyo moja wagawane wawili, na si kila siku. Faida ambayo sikuipanga ni kwamba matembezi yalivuta chakula cha usiku kutoka saa nne hadi saa mbili, maana hawezi kutembea baada ya mlo usiokwisha kuliwa. Mumewe akirudi huwekewa chake.

Mama ana wifi mwengine aliyekatwa mguu, na kisa chake kilikuwa kikimla mama moyoni tangu mwanzo. Kilianza na kiatu kilichobana, kidonda kidogo asichokihisi. Nyayo za mama zilizokuwa zikichoma ni dalili ya neva kuguswa na sukari ya muda mrefu, kwa hiyo miguu ilihitaji uangalizi wa kila siku. Hapa hakukuwa na haja ya kumpa kazi mpya. Anaosha miguu kwa ajili ya sala mara tano kwa siku. Tukaongeza mawili: udhu mmoja wa mchana, kwenye mwanga, autazame unyayo mzima na katikati ya vidole, na kila mara aikaushe vizuri. Mbele ya karai avae viatu vilivyofunika vidole, si ndara.

Ramadhani iliingia tukiwa mwezi wa nne. Alisema mapema kwamba atafunga, na sikuwa na sababu ya kubishana. Kwa aliye kwenye metformin peke yake, sukari iliyoanza kutulia na figo nzima, daktari wake aliona hatari ya kushuka sana ni ndogo. Ingekuwa tofauti kama angekuwa anatumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi. Hao wasifunge kabla ya kurekebishiwa dawa. Dozi zilihamishiwa futari na daku. Alipewa mipaka miwili ya kufungua bila kusubiri: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7, na akijisikia kutetemeka au kuzunguzungwa hata kabla ya kupima. Alihofia kujidunga kidole kunabatilisha saumu. Sheikh wa msikiti wao alimwondolea wasiwasi huo, na nafikiri neno lake lilifanya kazi zaidi ya maelezo yangu yote.

Mchana haukumpa shida hata siku moja. Shida ilikuwa jioni. Futari ya Mombasa huweka mbele ya mtu viazi vitamu vya nazi, muhogo, ndizi, tambi, vibibi, mkate wa sinia, sambusa, kaimati na uji, na vyote ni wanga, vingi vina sukari juu yake. Mpango ulikuwa tende moja na maji, sala, mbaazi au supu ya samaki, kisha wanga wa aina moja tu anaoupenda siku hiyo. Wiki mbili za mwanzo alishika. Sahani za majirani zilipoanza kuzidi, alilegea, kisha ikaja Idi na harusi mbili za ukoo zenye biriani na halua. Siku hizo hakuandika namba yoyote daftarini, na sikumlaumu. Nilimwambia tu arudie pale alipoachia, kwa chai.

Matokeo yenyewe hayakushuka kwa mstari ulionyooka. Miezi mitatu tangu tuanze HbA1c ilikuwa 7.9. Baada ya Ramadhani na harusi ilisoma 7.8, karibu palepale. Mwezi wa tisa ilifika 7.2. Uzito ulishuka hadi kilo 77 na nusu. Usiku huamka mara moja au haamki. Presha haikushuka kwa chakula peke yake, ikabidi aanzishiwe kidonge. Daktari wa macho aliona mabadiliko ya awali nyuma ya jicho, yasiyohitaji tiba kwa sasa, ila lazima aonekane kila mwaka.

Msomaji asichukue tofauti ya 9.4 na 7.2 akasema ni kazi ya chakula. Metformin peke yake kwa kawaida hushusha HbA1c kwa pointi moja hadi moja na nusu. Sehemu kubwa ya ushindi huu huenda ni kidonge kilichoanza kumezwa tena. Lakini kidonge hicho kilikuwepo kabatini miezi minane. Kilimezeka kwa sababu kilipewa mahali katikati ya chakula chake, na chakula kilibadilika kwa sababu hakuna aliyetakiwa kutoka kwenye sinia.

Jambo la mwisho ni la mwanawe wa pili, miaka 28, dereva wa tuktuk, anayekaa kitini siku nzima na soda pembeni. Nyumba nzima ilipopimwa, sukari yake ya asubuhi ilikuwa 6.4. Si kisukari, ila si salama. Kwa watu wa hali yake, utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza waliougua kwa asilimia 58, zaidi ya metformin iliyopunguza asilimia 31. Soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya sukari, naye hunywa tatu. Mamake ndiye aliyemfanyia hesabu hiyo, kwenye daftari lilelile. Kwa sasa ameshuka hadi moja kwa siku, anakunywa maji na chai ya mama isiyo na sukari, na tutampima tena baada ya miezi mitatu pamoja na mamake.